Ubeti Walioukata

Nina diwani mbili na riwaya moja, zote nimeziandikia La Rochelle, mtaa mmoja wa huku Sauzi, katika chumba cha kupanga ambamo jiko na kitanda vinatazamana. Riwaya hakuna anayeiulizia. Lakini ikitokea harusi hapa au mtaa wa jirani, Rosettenville, simu yangu haipoi. "Dada, tutungie kidogo." Kidogo! Kana kwamba mashairi huchotwa bombani.

Mwaka huu jirani yangu alimwoza binti yake. Nikamtungia shairi kwa moyo wote, maana yule mtoto nimemsuka nywele tangu mdogo. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania akaomba alisome yeye, nikampa. Kwetu Tanga mtunzi hujitambulisha katika ubeti wa mwisho: jina lake na anakotoka. Hapo msikilizaji anajua wa kumsifu, au wa kumlaumu.

Siku ya siku tukaketi ukumbini, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia. Mwenyekiti alisoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alipofika kwenye ubeti wangu wa tamati, akakunja karatasi. "Shairi letu limeishia hapa," akasema, na makofi yakawa yake. Mzee mmoja akapaza sauti, "Eish, mwenyekiti, kumbe wewe ni malenga!" Naye akacheka tu. Hakukana.

Jirani yangu akanishika mkono. "Mwache, dada, leo harusi." Nimeshawaacha wangapi? Nikasimama pale pale nyuma ya pazia, nikaughani ubeti wangu:

*Tanga nilikoanzia, sasa Sauzi nyumbani,*
*Mwanamke nawambia, nimeyatunga jikoni.*

Kisha nikalitaja jina langu, la kwangu na la baba yangu, kwa sauti ya kufika barabarani. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu nikamsikia mwenyekiti, ulimi wake mwepesi kama kawaida, kwenye kipaza sauti: "Ahsante sana dada yetu, kwa kunisaidia kumalizia!"

Nikafunua pazia. Nikapita katikati ya wanaume, kanzu zikinipisha huku na huku, nikakichukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Sikukusaidia kumalizia," nikamwambia mbele ya wakwe wote. "Nilikutungia tangu neno la kwanza."