Asali ya Mjomba

Ujumbe wa dada yangu ulikuwa na maneno saba, na nikaushuku kabla sijafika la mwisho. "Mtoto anatimiza mwaka Jumamosi. Njoo. Usilete kitu."

Kwanza, uliandikwa kwa Kiswahili. Mimi na dada yangu hatuandikiani Kiswahili. Tulizaliwa katika Kimeru, tukagombana na kupatana ndani yake. Lakini yeye aliolewa Kibugu, kwenye mashamba ya chai yanayopakana na msitu wa mlima, kwa watu wa Kiembu, na katika nyumba ile Kiswahili hukaa katikati kama kiti cha mgeni: hakina mwenyewe, kila mtu anaweza kukikalia. Kwa hiyo nilijua. Ujumbe ule ulikuwa umesomwa na mtu mwingine kabla haujanifikia mimi.

Pili, usilete kitu. Nani humwambia mjomba asilete kitu?

Nilikuwa nimepanga chumba Nchiru, nyuma ya hosteli ya wanafunzi, nikiandika riwaya yangu ya kwanza usiku na kuwachapia watu kazi zao mchana. Kazi ya kuandika ilinifundisha kushuku. Ukikaa miezi mingi ukijiuliza kwa nini mtu fulani kafunga mlango polepole, mwishowe kila mlango unaofungwa polepole unakuhusu wewe. Nikausoma ujumbe mara kumi, nikaona ndani yake kile nilichokuwa nakiogopa tangu dada aolewe: kwamba wananitoa katika ujomba wangu kidogo kidogo, leo zawadi, kesho mimi mwenyewe.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, mimi nilikuwa bado sijaanza shule, na mgongo wa dada yangu ndio uliokuwa nyumba yangu. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni kwenye sweta ya mtu, nageuka kumtafuta.

Ushahidi wangu dhidi ya watu wa Kibugu ulikuwa kigari cha kujifunzia kutembea, cha plastiki nyekundu chenye magurudumu sita. Nilikinunua mtoto alipoanza kukaa, nikakibeba kichwani kutoka barabarani. Niliporudi mara nyingine nilikikuta kimening'inia kwenye boriti jikoni, kimejaa vitunguu. Nikaliweka moyoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimepeleka dubu la manyoya lenye ukubwa wa kondoo, nalo lilikuwa limewekwa nyuma ya mlango kuzuia upepo. Hilo pia nililiweka moyoni.

Sasa nifanye nini? Kwenda mikono mitupu ni kukubali kufukuzwa. Kwenda na kitu ni kumkaidi dada. Nikaamua kutafuta kitu kisicho kitu: kisichohitaji nafasi, kisichogharimu mengi, ambacho hakuna mtu angeweza kukitundika kwenye boriti.

Nilianza kwa mama anayeuza mboga karibu na lango la hosteli. Alikuwa anakata sukumawiki, kisu kikikimbia bila yeye kukitazama.

"Mama, mtoto wa mwaka mmoja anapewa nini?"

"Mwaka mmoja? Mpe kifuniko cha sufuria na kijiko. Atakupigia kelele mpaka uhame."

"Ni siku yake ya kuzaliwa."

"Siku hiyo inajulikana na aliyeumwa uchungu wa kuzaa. Yeye anajua nini?" Akanitazama. "Wewe ni nani wake?"

"Mjomba. Mama yake ni dada yangu."

Kisu kikasimama. "Mjomba! Na unakuja kuniuliza mimi?" Akacheka, akaendelea kukata. Nilimshuku naye.

Alhamisi nilikwenda Kiirua kumpelekea mwalimu mmoja karatasi nilizomchapia, na huko, kando ya maduka, nikamwona mzee mwenye chupa ndogo za asali kwenye sanduku la mbao. Wazo likanijia lote kwa pamoja. Asali huisha. Mtoto ataila, chupa itaoshwa, na katika nyumba ile hakutabaki kitu cha kuwekea vitunguu.

"Hii ni asali au ni sukari imechemshwa?" nikamwuliza.

"Kijana, nyuki wangu hawajui duka liko wapi."

"Kila muuzaji husema hivyo."

Alinipa njiti ya kiberiti bila kukasirika. Nikaichovya, nikaiwasha. Ikashika moto; iliyochovywa kwenye maji ya sukari haishiki. Nikanunua chupa moja, ile ndogo kabisa, nikaendelea kumshuku mpaka nyumbani.

Jumamosi Kibugu ilikuwa ndani ya ukungu. Chai ilikuwa imelala kwenye miteremko kama blanketi la kijani lililofuliwa likaachwa bila kukamuliwa. Dada alinipokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, vidole vyake vyeusi kwa majani ya chai, na hakunitazama usoni. Nikaliandika hilo kichwani.

Ndani alikuwapo shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayecheka kabla ya kuongea. Alikuwapo mama yake, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, macho yake yakiwa na subira ya mtu anayengoja jani la chai lifikie kuchumwa. Na chini, juu ya gunia safi, alikaa mtoto. Alikuwa mnene, mtulivu, na alinikagua kutoka viatu kwenda juu.

"Hajasimama bado," nyanya yake akasema badala ya salamu. "Wenzake wanashika ukuta. Huyu anakaa tu kama chifu barazani."

"Mama," shemeji akasema, "kila mtoto na siku yake."

Nyanya akaenda jikoni, akarudi na vikombe. Akaweka kimoja mbele ya shemeji, kimoja mbele ya dada, kimoja mbele yake mwenyewe. Vitatu. Dada akainuka haraka akaleta cha nne, akanimiminia chai, na uso wa nyanya haukubadilika. Basi ni kweli, nikawaza. Ile kesho niliyoiogopa imeshafika.

Nikatoa chupa mfukoni, kwa ukaidi.

"Mjomba, umeleta kitu," akasema nyanya.

"Kidogo tu, mama. Asali ya mtoto."

"Tulisema usilete."

Tulisema! Nikamtazama dada. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Nesi wa kliniki alikataza asali mpaka mwaka utimie," akasema polepole. "Leo umetimia."

Nyanya aliipokea chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akatoa kiberiti kwenye mfuko wa aproni, akachovya njiti, akaiwasha. Ikashika. "Si sukari," akasema, kama mtu aliyetarajia kushinda akashindwa. Kisha akamimina asali kwenye kijiko, akaninyooshea. "Onja."

Nilielewa. Huku kwetu mwenye kuleta ndiye huonja kwanza, ili watu waone kwamba hakuficha kitu. Ni heshima, lakini ni heshima yenye jicho. Nikaweka kijiko kinywani.

"Usimeze," akasema.

Nikabaki hivyo, mashavu yamejaa.

"Mtemee mtoto. Kifuani. Umbariki." Halafu akainua mkono. "Hapana, ngoja. Meza hiyo. Kwanza uliondoe lile neno."

"Neno gani, mama?"

"Anauliza neno gani!" Akamgeukia mwanawe, kisha akanirudia mimi. "Siku tuliyokuja kumchukua dada yako, ulisimama penye ng'ombe wa mahari ukasema: mchukueni, lakini mimi msinihesabu. Nilikuwa karibu nawe kama hivi. Tangu siku hiyo sijakuhesabu. Na tangu mtoto huyu azaliwe, kila ukija unaleta plastiki. Leo gari, kesho mnyama. Hujamshika hata siku moja ukamtemea baraka, wewe mjomba wake. Nikasema, huyu anatuziba macho kwa vitu. Kuna kitu amekalia."

Neno la mjomba hushika, huku mlimani kila mtu anajua hivyo, hata wale wanaokwenda kanisani kila Jumapili. Mimi nilikuwa nimelisahau neno langu. Mwanamke yule alikuwa amelitunza miaka yote hiyo kama mbegu, na mtoto alipochelewa kusimama, akaona limeota.

"Mimi ndiye nilisema usilete kitu," akaendelea. "Alipoandika nilisimama hapa. Nilitaka nione mikono mitupu itafanya nini."

"Na kile kigari?" nikauliza, maana nilikuwa bado nina kesi yangu. "Mmekitia vitunguu!"

Dada akanitazama mara ya kwanza, akaanza kucheka, akafuta macho kwa kiganja. "Wewe, tazama chini. Sakafu ni udongo. Magurudumu yanazama. Mtoto alikuwa anakaa tu ndani analia."

Nikatazama sakafu. Ilikuwa ya udongo uliosiribwa vizuri, wenye mabonde madogo. Nilikuwa nimeikanyaga mara nne.

Ningeweza kusema neno lolote zuri pale. Kutunga ndiyo kazi yangu. Lakini nyanya alikuwa ameniinamia, na nilipofungua mdomo nikaanza kumwambia dada kwa Kimeru, akanikatiza: "Kwa Kiswahili. Tusikie wote."

Kwa hiyo nikakaa kwenye kiti kile cha mgeni. "Nilisema msinihesabu," nikasema. "Nilikasirika. Mlimchukua mtu aliyenibeba mgongoni na hakuna aliyeniuliza, hata nipate kukataa kwa mchezo. Nilidhani hasira imeisha. Haijaisha yote."

Shemeji alikohoa. Dada aliacha kijiko chake.

"Imebaki kiasi gani?" nyanya akauliza, kwa makini kabisa, kama anayeuliza kuhusu maziwa.

"Kidogo."

"Ya kuisha leo?"

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amekamata kifuniko cha chupa na anakitafuna, bila haja na dubu wala gari wala mimi. Nikajiuliza nilikuwa nikimnunulia nani vile vitu vyote vikubwa, vya kuonekana kutoka mbali. "Ya kuisha leo," nikasema. "Nihesabuni. Lile neno nimelirudisha, lisimkae mtoto."

"Sasa onja tena."

Nikaonja. Dada akamfungua mtoto kifungo cha juu. Nikainama, nikamtemea kifuani matone madogo, kama nilivyowaona wazee wakifanya nilipokuwa mdogo, nikamwambia awe na miguu ya kumfikisha na mgongo wa kubeba. Mtoto akakunja uso. Akajipapasa kifua, akaweka vidole mdomoni, akatulia. Halafu akajipapasa tena.

Sote tukaitazama miguu yake. Hata shemeji, mwalimu, aliitazama. Mtoto akabaki amekaa kama chifu.

"Mama, mpe muda," shemeji akasema.

"Nampa," nyanya akajibu. Akamchukulia mtoto kifuniko, akafunga chupa, akakishindilia. "Lakini hii ikiisha, mjomba, uichukue chupa yako. Nyumba ni ndogo."

Akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Huku kwetu watu hawahesabiwi, ni mkosi. Vinahesabiwa vyombo. Nilimsikia akivipanga kwenye sinia kwa ajili ya chai ya pili, kimoja kimoja, nami nikavihesabu mpaka nikasikia cha nne.

Aliporudi, alinipa changu mkononi, kisha akasimama pale pale, akingoja nionje.