Nilivyomwozesha Raya Mikono Imejaa Oili

Wapo watu wamepata aibu mbele ya watu watatu wanne, wakahama mtaa, ikasahaulika. Yangu mimi ilitoka kwenye spika ya simu ndani ya chumba kilichojaa wanawake wa harusi, na jambo likishasikiwa na wanawake wa harusi hata ukihamia Mombasa utalikuta limefika kabla yako. Kwa hiyo nalisimulia mwenyewe, angalau mlisikie lilivyokuwa, maana huko nje nasikia limeshaongezwa kwamba nililia (sikulia).

Nakaa Chokocho, peke yangu, tangu mimi na mama Raya tulipoachana miaka kumi iliyopita. Yeye alirudi kwao Tumbe, ambako ukitoka kwangu ni kukikata kisiwa chote kutoka kusini mpaka kaskazini, akaondoka na mtoto wetu, na mtoto ni huyo huyo mmoja. Mimi nikabaki na nyumba na gari. Raya nilikuwa nikimuona sikukuu mbili kwa mwaka, nampa mkono wa Idi, namuuliza skuli vipi, ananiambia nzuri, basi, tunakaa tunatazamana mpaka chai iishe. Sikuwa baba mbaya wa kupiga wala kutukana. Nilikuwa baba asiyejua la kusema, na kila mwaka ukipita juu ya mwaka nikazidi kuona haya kwenda.

Siku moja mama Raya akanipigia simu. Raya anaolewa, akasema, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nikaha msikitini baada ya sala ya alasiri, na wewe ndiye walii. Uje mapema, akasema, umuulize mwenyewe.

Mnajua kwetu ilivyo. Baba ndiye anayeozesha, na kabla ya kwenda msikitini huingia ndani kwa mwanawe, akakaa naye, akamuuliza kama amekubali. Sherehe imeshapikwa na upande wa mama, nguo zimeshonwa na upande wa mama, mimi sikutakiwa kuleta hata kijiko. Nilibakiwa na hilo tu, kukaa kitako mbele ya mwanangu na kumuuliza swali moja. Na nikajiambia, nikishamuuliza hilo, nitamuuliza na la pili. Nitamwomba anisamehe. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati, mtu mzima mimi, karani wa skuli mwenye mvi.

Sasa gari. Gari yangu ni ndogo, ya Kijapani, imefika Pemba ikiwa imeshawachosha wenyewe huko, na kwa mwaka mzima ilikuwa kila asubuhi ukiiwasha inapiga kelele kama mtu anatikisa mawe ndani ya kopo. Nilitazama video kwenye simu nikaujua ugonjwa. Mbele ya injini kuna cheni, na hiyo cheni inashikwa isipigepige na kipande cha plastiki ngumu, kirefu, kilichopinda kidogo. Kile kishikizo kikilika, cheni inalegea, na cheni ikiruka meno injini imekwisha. Kwa safari ya Tumbe nilitaka gari nzima. Sikutaka kuingia kwenye harusi ya mwanangu nikiwa nimebanana kwenye gari ya abiria na makapu ya watu.

Fundi anayeijua kazi hiyo yuko Chake Chake, anaitwa Kombo, na Kombo ni kaka wa mama Raya. Hatukugombana, afadhali tungegombana. Kombo kila akiniona, hata kabla ya salamu kwisha, huniuliza, "Hivi wewe huendi kumtazama mtoto?" na mimi hukumbuka nina haraka. Basi nikaamua, na mkasa wote umetoka kwenye uamuzi huu mdogo, kwamba kishikizo nitakibadilisha mwenyewe.

Nikaagiza kipya kutoka Unguja, nikaazima spana, nikaanza. Nikitoka skuli nikishasali alasiri navua shati naingia kazini. Alama za meno ya cheni nilizitia wino mweupe wa kufutia makosa (mali ya ofisi, Mungu anisamehe), kila boliti nikaiweka kwenye kopo lake na karatasi yenye jina, kikarani kabisa. Nitasema ukweli, siku zile zilikuwa nzuri. Wapita njia walisimama kuniuliza hali ya mgonjwa, nami nikiwajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nyumba yangu ilikuwa na mazungumzo, ingawa ni ya oili.

Kishikizo cha zamani kilipotoka kilikuwa kimemeguka, na kipande cha urefu wa kidole hakionekani. Nilijua kilipo. Kimeanguka chini kwenye sampu, ile karai ya chini ya injini inayokaa oili. Kukitoa ni kulala chini ya gari, kufungua boliti nyingi kwelikweli na kubandua gundi. Na Ijumaa imekaribia. Nikasema kitakaa huko huko chini, kitamdhuru nani. Nikafunga, nikawasha, injini ikanguruma kwa upole mpaka nikaona haya kwa furaha niliyoisikia. Nikaiambia gari, "Umeona? Na bila Kombo."

Ijumaa nilitoka baada ya sala ya Ijumaa, kanzu mpya, joho la marehemu baba, udi mpaka kwenye viti. Chake niliipita vizuri (nilipita karibu na gereji ya Kombo, imefungwa, yuko harusini, na nikapiga honi kwa jeuri). Nimepanda vilima viwili mbele ya Chake, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemtarajia, nikaendelea. Kelele za kopo zikarudi, safari hii kubwa, kisha kikasikika kishindo kimoja na gari ikawa nzito kama jiwe. Ikaserereka yenyewe mpaka pembeni, na gurudumu la mbele likapanda juu ya jamvi la karafuu zilizoanikwa.

Mwenye karafuu akatoka. Bibi wa makamo, kanga kiunoni, aliniambia baadaye anaitwa Bi Time. Alitazama jamvi, akatazama joho langu, akauliza, "Hino gari wailetea karafuu zangu kufanya nini?"

Nikamweleza. Aliposikia mimi ni walii na sala ya alasiri iko karibu akasahau karafuu, akaanza kusimamisha magari na mimi. Ya abiria yamejaa, na mengine ndiyo yanatoka huko ninakokwenda. Mimi nimefungua boneti, natia mkono huku natia mkono kule, kwa tamaa tu, mpaka kanzu ikawa haina mbele wala nyuma kwa oili. Alasiri ikaadhiniwa. Tukasali pale kwake, nikatoka, barabara tupu.

Ndipo Shehe Faki, aliyekuwa afungishe ndoa, akaniita kwenye simu. Akasema watu wamejaa msikitini na bwana harusi anatoka jasho. Shauri lake, nimpe yeye uwakala kwa simu, aozeshe kwa niaba yangu. Lakini kwanza, akasema, umeshapata idhini ya binti? Sijafika, Shehe, nimuulize vipi? Basi muulize kwenye simu, akasema, mbele ya mama zake, wawe mashahidi.

Nikampigia mama Raya, simu yake ikapelekwa ndani, ikawekwa spika. Nikasikia bangili, nikasikia wanawake wakinyamazishana, nikasikia sauti ya mama Raya ikisema simu ameishika Raya mwenyewe. Nikaegemea boneti. Yale maneno ya kwenye kioo yote yakapotea.

"Raya, mwanangu," nikasema. "Nimepewa jina la huyu kijana, nawe wamjua. Umeridhia nikuozeshe kwake?"

Kimya.

"Raya?" Kimya. "Halo? Halo?"

Hapa ndipo mtanicheka, na mna haki. Mimi madrasa nimesoma, najua kama kila mtu ajuavyo kwamba mwari akiulizwa na baba yake hajibu, huinamisha kichwa, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Lakini mtu aliyezoea kukatiwa simu na watu, akisikia kimya hafikirii idhini. Nilidhani ameikata simu. Na nikaona ana haki ya kuikata, na kwa kuwa hakuna anayenisikia, nikayasema yote, nimeinamia injini, naiambia injini.

"Umefanya vyema kukata," nikasema. "Mimi ni baba gani. Nimekaa na hii gari siku kumi na nne, wewe sijakaa nawe siku nzima tangu uondoke. Nilikuwa naogopa kuja, Raya. Siku zote naogopa, sijui nikwambie nini. Nilitaka leo nikuombe unisamehe, na hilo pia limenishinda."

Bi Time akanigusa begani. Alikuwa anaitazama simu mkononi mwangu, uso umembadilika.

"Baba, haijakatika hiyo," akasema. "Dakika zenda. Na mtoto hajibu, mwari hajibu. Kwani wewe hujui?"

Nikaiangalia. Dakika zinakwenda. Nikaiweka sikioni, nikasikia chumba kizima kinapumua. Halafu mwanamke mmoja, wa pembeni huko, akashindwa, akacheka, wakafuata wengine, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu walioshikishwa kitu kizito wasijue wakiweke wapi. Mama Raya akachukua simu akasema kwa sauti kavu, "Imesikika. Mpigie Shehe." Nikampigia Shehe nikampa uwakala, na dakika chache baadaye mwanangu akawa mke wa mtu, mimi nikiwa nimesimama kwenye karafuu za watu.

Nilifika Tumbe kwa pikapu ya wachuuzi wa samaki inayorudi na masanduku matupu, nimekaa juu ya sanduku. Raya alikuwa ameshachukuliwa kwa mumewe. Walinipa biriani, wanaume wakanipa mkono, na kila mmoja akijifanya anatazama joho langu. Kombo akakaa karibu nami, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza lolote. Aliniambia tu kesho ataivuta gari. Aliivuta, akafungua sampu, akanionesha kile kipande cha plastiki kimekwenda kukaa kwenye chujio la oili kama kizibo. Oili haikupanda juu, na bila oili cheni haikazwi, ikaruka meno. Kishikizo ulikifunga vizuri, akasema, ulichokiacha ndicho kilichokuua.

Sasa tazama hesabu inayonikosesha raha. Niliuliza mambo mawili kwenye simu ile, nikajibiwa kimya kimoja. La ndoa lilikubaliwa, mashahidi wapo. Je, na la pili, la kusamehewa? Nilimtega Shehe Faki, nikajifanya nafanya mzaha, nikamuuliza kama kimya cha mwari kinatosha kwa yote aliyoulizwa. Hakucheka. Akasema, "Mimi nilikuwa wakala wako kwenye ndoa tu. Hilo jengine kamuulize mwenyewe, uso kwa uso, na umwache ajibu."

Injini sitaigusa tena maishani mwangu, hilo nimeapa na spana nimezirudisha. Gari nzima, Kombo kaitengeneza, haina kelele hata ya dawa. Imepita miezi minne. Raya anakaa kwa mumewe hapo hapo Tumbe na hajanipigia, nami sijampigia, na kila Ijumaa navaa, nawasha, nakaa ndani ya gari uani nikiisikiliza ilivyo kimya, kisha nazima, naingia ndani, najichemshia chai.