Mikono ya Ngole

Utemi ulikuwa umeshafutwa, lakini pale kijijini Didia, mke wa aliyekuwa mtemi tulizidi kumwita Ngole, cheo chake cha zamani. Kanisani aliketi sakafuni pamoja na wanawake wengine, nao wakasogea kumwachia nafasi ambayo hakuiomba. Rozari aliizungusha kwenye mkono wa kulia, juu ya bangili ya shaba ya ukoo wa mumewe. Hata akipepeta mtama, midomo yake ilikuwa kwenye Salamu Maria.

Zamani hakuna aliyepanda kabla Ngole hajazishika mbegu zake na kuzibariki. Mwaka mvua ilipochelewa, jirani yake Paskalia alipiga magoti uani na kikapu.

“Mayu, mama yetu, zishike kama zamani.”

“Hayo niliyaacha siku niliyobatizwa.”

“Hata mimi nimebatizwa, Mayu. Ila mbegu zilizobaki ni hizi tu, na watoto ni wale wale.”

Ngole alikivuta kikapu karibu.

“Umezichambua?”

“Bado.”

“Lete ungo. Kuchambua Padre hajakataza.”

Akaketi chini, akatoa zilizotobolewa na wadudu. Jua lilipotua, hapakuwa na punje ambayo haikupita mkononi mwake, na midomo yake haikupumzika.