Pole kwa Mtu Anayekamua

Nilipomaliza digrii ya takwimu, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kumsaidia daktari wa saratani katika hospitali moja ya Nakuru. Alitaka programu ya kutabiri hali ya wanawake ambao saratani ya mlango wa kizazi imefika mbali, ajue ni nani wa kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Programu hujifunza kwa waliotangulia, kwa hiyo kila faili ilihitaji jibu moja: hai, amefariki, au hajulikani. Wasiojulikana walikuwa wangu. Niwapigie simu.

Sijui kama umewahi kuwaza namna ya kuuliza kwa simu kama mtu yu hai. Mimi niliwaza siku tatu, chumbani mwangu mtaa wa Section 58. "Habari za siku nyingi" ilisikika kama lawama. "Mko salama?" Na kama hawako? Mwishowe niliandika kwenye karatasi salamu inayoanza na pole, nikijiambia kwamba pole haijawahi kumuumiza mtu.

Wa kwanza alikuwa mama mkulima wa Subukia, aliyeacha mionzi zikiwa zimebaki siku tano. Programu ilimweka karibu na mwisho wa orodha ya wenye nafasi ya kuishi, na daktari alisema asiporudi kufikia Jumatatu ya wiki iliyofuata, matibabu yote aliyovumilia yangekuwa karibu kazi bure. Nilipiga Jumanne. Ikapokelewa na sauti ya kike yenye nguvu, nikaamua huyo ni binti yake.

"Poleni sana kwa yaliyowapata," nikasoma.

"Kwani nani amekufa?"

Nikamtaja mwenye namba. Nikasikia maziwa yakigonga ndoo.

"Huyo ni mimi. Na kama nimekufa, hakuna mtu ameniambia. Saa hii nakamua."

Niliomba msamaha mpaka akaanza kunipa pole yeye. Kisha akaeleza. Ng'ombe wake mwingine alikuwa karibu kuzaa. Mwaka uliotangulia alimwachia mtoto wake wa kiume kazi hiyo, ndama akafa. Safari hii hang'oki. Alikuwa amepapasa karibu na mkia, pamelegea, dalili ya kuzaa, na alijua itakuwa Alhamisi. Ng'ombe akizaa, yeye atarudi.

"Na hiyo kompyuta yako inasema nini juu yangu?"

Nikamwambia haisemi juu yake hasa, inasema juu ya watu wengi wanaofanana naye.

"Wako na ng'ombe wa kuzaa?"

Nikakiri hakuna safu ya ng'ombe kwenye jedwali.

"Basi hawafanani na mimi, kijana."

Alhamisi nilipiga mara nne. Akasema hata mumewe hakumfuatilia hivyo alipokuwa mjamzito. Ijumaa, ng'ombe bado. Nikaenda kumuuliza daktari kama Jumatatu ingeweza kusogezwa kidogo, kwa sababu uzazi umechelewa. Akauliza ni mgonjwa gani anayezaa. Nikasema ni ng'ombe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema Jumatatu ni Jumatatu. Wikendi ile nilisoma habari za ng'ombe zaidi kuliko nilivyosoma takwimu chuoni.

Jumamosi jioni ukaja ujumbe: "Jike. Mzima. Nimekosea siku mbili."

Jumatatu alifika kabla yangu, amevaa sweta mbili, na chupa ya maziwa ya yule ng'ombe anayekamuliwa. Alitaka kuona mahali nilipomwandika amekufa. Nikamwonyesha nafasi yake, ambayo sikuwa nimethubutu kuijaza. Akaomba aijaze mwenyewe. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja mpaka ikasomeka: hai. Halafu akabaki akiitazama.

"Huyo ndama nitamwona akizaa?"

Ndama jike huchukua miaka miwili na zaidi kufika hapo, nilikuwa nimesoma. Nilikuwa pia nimeijaribu programu upya asubuhi ile, kana kwamba amemaliza mionzi yote. Kichwani nilikuwa na jibu lenye sehemu saba.

"Sijui," nikasema. "Ukimaliza mionzi, kompyuta inakupandisha. Lakini si sana."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua itachelewa.

"Hata mimi nilisema Alhamisi," akasema.

Akaitwa ndani. Mlangoni akageuka.

"Na usinipigie tena. Nitapiga mimi. Wewe ukipiga unaniua."

Alimaliza siku zote tano. Jumamosi iliyopita alipiga. Ndama ameanza kula majani.