Tupa ya Dastagir, Picha ya Tajiri

Saa mbili asubuhi, Dastagir Mulani anamwambia mkewe azime feni. Joto la Mei hapa Miraj, India, halina huruma, lakini feni inavuma na mvumo wake unaharibu kazi. Mehrunbi anaizima, anaacha kukanda unga wa mtama, anajipepea kwa ncha ya sari.

"Miaka thelathini na moja naoga jasho kwa ajili ya kipande cha mfupa," anasema. "Ningeolewa na mpiga ngoma ningepumzika."

 Dastagir amepakata sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi. Chini ya nyuzi zake kuna kipande cha mfupa wa ngamia, kipana kama vidole viwili. Anakipitishia tupa mara mbili, anapuliza vumbi, anakirudisha mahali pake, anapiga uzi mmoja na kutega sikio. Sauti inatoka na mlio hafifu wa nyuki ndani yake. Anatikisa kichwa, anakitoa tena.

Mlio huo wa nyuki huitwa jawari. Bila jawari, sitari ni gitaa lenye shingo ndefu. Nyuzi zikishaukwangua mfupa mwaka mmoja au miwili, mlio hufa, na sharti mfupa unolewe upya na mtu mwenye sikio. Mtaani kwake watu hao wamebaki wanne.

Kwa miaka ishirini na sita Dastagir, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, alinoa mifupa katika chumba cha nyuma cha duka la Prabhakar Shete. Alilipwa rupia mia tatu na hamsini kwa mfupa. Sitari aliyoimaliza iliuzwa Ulaya kwa rupia laki moja, na ndani ya kibuyu kilicho tumbo lake ilibandikwa karatasi yenye picha ya Shete. Siku hizi Wazungu wanazichanganya sitari na magitaa na vinanda vyao, na kwenye makasha ya santuri wanamshukuru fundi Shete. Fundi huyo hawezi kunoa hata kisu cha vitunguu.

Januari iliyopita alikuja Marit, mpiga gitaa kutoka Norwe. Bendi yake inapiga sitari pamoja na fidla ya kwao, ambayo nayo ina nyuzi za chini zinazolia zenyewe bila kuguswa. Sitari yake ilikuwa imekufa mlio. Shete alimnywesha chai, akashika tupa ili apigwe picha, kisha akaipeleka sitari nyuma ya pazia.

Sasa, kila mnoaji wa Miraj anajua kwamba mkono mmoja haufanani na mwingine. Anayevuta uzi kwa nguvu anahitaji mfupa wenye mwinamo wake. Kwa hiyo mnoaji humwona kwanza mpigaji akipiga. Dastagir aliomba amwone. Shete alikataa. Mteja akimwona mzee wa nguo zilizopauka, alisema, atajiuliza amelipia nini.

Dastagir akanoa kwa kukisia. Marit aliirudisha sitari kesho yake, akasema sauti si yake. Akanoa tena, ikarudi tena. Shete alimwambia mgeni kwamba chombo kimezoea baridi ya Ulaya, kisha akaja nyuma ya pazia.

"Unaniaibisha, Dastagir. Masikio yamezeeka?"

"Angeniita mwizi ningemeza," anasema Dastagir leo. "Lakini masikio yangu?"

Alichukua tupa yake, akapita pazia, akaketi sakafuni mbele ya mgeni na kumwashiria apige. Marit akapiga. Mara moja Dastagir akaona: alikuwa akiusukuma uzi kwa kifundo chote cha mkono, mazoea ya gitaa. Akanoa pale pale, macho ya watu wote yakimtazama. Uzi ulipolia, Marit alifumba macho. Alipoyafumbua alimuuliza Shete huyu ni nani.

"Msaidizi," Shete akajibu.

Dastagir anapolirudia neno hilo anatema tambuu nje ya mlango.

Jioni ile aliambiwa asirudi. Huo ni uonevu, na hauhitaji jina la adabu. Wanoaji wenzake watatu hawakufungua mdomo, mmoja wao shemeji yake. Dastagir hawalaumu, wana watoto.

"Mimi nawalaumu," anasema Mehrunbi. "Shemeji asije kula kwangu Idi."

Tangu hapo mapato yao yameshuka kutoka rupia elfu kumi na mbili kwa mwezi hadi elfu saba, za wapigaji wachache wanaomfuata nyumbani. Wauza vibuyu hawamuuzii, kwa kumwogopa Shete. Amekwenda mwenyewe kwa mkulima wa Pandharpur na sasa ana vibuyu sita vinavyokauka juani. Mvua zikiisha ataanza sitari yake ya kwanza, na karatasi ya ndani itataja mchonga shingo, mfunga nyuzi na mnoa mfupa. Picha haitakuwapo.

Wiki iliyopita Shete alimtumia sitari nne za wateja waliokataa kazi ya wale watatu, na ahadi ya rupia mia nane kwa kila mfupa. Dastagir alizirudisha bila kufungua mifuko yake.

"Mwambie tajiri," alimwagiza mchukuzi, "hizi sitari hazina mikono. Wenye mikono waje wenyewe. Nyumba yangu iko nyuma ya soko la vitunguu, na mke wangu anapika chai."