Uzi Mweupe Kwenye Nguo ya Kalondu

Wacha niwataje kwanza waliokuwepo, ndiyo aibu hii isibaki yangu peke yangu. Kulikuwa na Kalondu, rafiki yangu tangu usichana, na yeye alikuwa ndani ya jeneza. Kulikuwa na binti yake Mwende, ambaye siku aliyozaliwa ni mimi nilimpokea. Kulikuwa na Ngina, wifi yake Kalondu, ambaye mdomo wake unajulikana Mbooni nzima. Kulikuwa na Syombua, mjane jirani yangu, anayetaka kushona tangu mumewe afe. Na kulikuwa na Muli, mume wa binti yangu Mumbua, yaani mkwe wangu, na huyo Muli anauza vitu vya mitumba pale Malili kando ya barabara kubwa, vitanda, friji, cherehani, chochote. Wengine walijaa hema na nikianza kuwataja hatutamaliza, ingawa naweza.

Mimi na Kalondu tulifundishwa kushona pamoja kule Kitui, kwa cherehani moja ya Japani, mmoja akikanyaga mwingine akikunja pindo, na baadaye tukaolewa wote huku Mbooni kama tuliopanga. Tuliahidiana lile jambo wasichana huahidiana wakidhani kifo ni cha watu wengine, kwamba atakayetangulia, mwenzake atamshonea nguo ya mwisho, nguo kamili yenye mikono na pindo, si hizi za kununua ambazo nyuma ziko wazi kama aproni. Kalondu alipoanza kuugua alijinunulia kitambaa, zambarau, kizito, akakifungia kwenye sanduku lake la nguo.

"Kamene," akaniambia, "kimenitosha mimi tu. Ukikosea kukata hakuna kingine."

Nikamwambia anyamaze, hakuna anayekufa. Akafa.

Sasa mimi cherehani yangu ilikuwa imeangukiwa na ukuta wa jikoni wakati wa mvua, ikavunjika shingo. Ningeazima, nakubali, lakini hizi mpya ni nyepesi, zikiona kitambaa kizito zinatetemeka, na mimi nilitaka Kalondu ashonewe na Japani kama tulivyoanza (kiburi kilikuwamo pia, msidhani sikijui). Nikapanda gari kwenda Malili kwa mkwe wangu.

Niwaeleze jinsi Japani ya zamani inavyojulikana, maana hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua. Haijulikani kwa jina la mbele, kwa sababu pale mbele walikuwa wanabandika jina lolote ambalo mwenye duka alitaka. Inajulikana kwa uzito, ukijaribu kuinua kichwa chake kiuno kinakuambia. Inajulikana kwa yale maua ya dhahabu, ambayo lazima yawe yamefutika pale mkono wa mshonaji unapopita na kubaki pale usipofika. Unaangalia skrubu kama midomo yake imeliwa na bisibisi. Halafu mwisho wa yote unalaza kichwa kwa nyuma, unapiga magoti, unachungulia tumbo lake, na kule chini kwenye chuma chenyewe utaona neno la Japani limechorwa. Shule mimi niliiacha mapema, lakini neno hilo nalijua sura yake kama ninavyojua sura ya Mumbua.

Muli alinipokea vizuri sana. Akafuta kiti, akaleta soda, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa. Kisha akaisukuma cherehani mbele yangu, akiniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, hii ndiyo Japani yenyewe. Niliiweka nikikufikiria."

Nikaiangalia. Dhahabu ilikuwa inang'aa mahali pote, hata pale mkono unapopita. Nikajiambia pengine aliyekuwa nayo kwanza alikuwa mvivu. Muli akachukua kitambaa chepesi kama leso, akakipitisha, ikashona mstari mmoja ulionyooka.

"Ulitaka kuangalia chini, Mwaitu? Nikulazie?"

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mama na mume wa binti yake, ambayo inafanya hata mkikutana njiani kila mmoja aangalie kando. Na kwa macho yangu haya ya uzee, kuchungulia tumbo la cherehani kulimaanisha nipige magoti kwenye simenti, niingize kichwa chini ya meza na makalio yabaki juu, mbele ya mume wa Mumbua, mchana kweupe, watu wa barabarani wakipita. Na hata kama ningeweza kuinama, ningekuwa namwambia nini? Kwamba mtu aliyeleta mbuzi wa mahari kwangu ni mwongo?

"Nitaangaliaje chini na ni wewe umenipa," nikasema.

Akafurahi. Akaipakia kwenye pikapu, akaileta mwenyewe mpaka nyumbani.

Mkesha wa mazishi nikaketi mchana na kitambaa cha Kalondu. Mshono wa kwanza wa ubavuni ukaenda vizuri, nikaanza hata kuimba. Wa pili ikaanza kuruka, mishono miwili imeshika, miwili haipo. Nikabadilisha sindano, nikapaka mafuta, nikaibembeleza. Nilipofika kifuani ikalia kama mbwa aliyekanyagwa, ikameza kitambaa, na uzi wote wa zambarau ukajisokota kule chini ukawa kama kiota. Nilipovuta, kitambaa kikapasuka, pale pale kifuani, mahali pa kuonekana.

Ndipo nikapiga magoti (sasa nyumba ilikuwa tupu, hakuna mkwe). Nikalaza kichwa chake. Ile mashua inayobeba bobini ya uzi wa chini ilikuwa ya cherehani nyingine kabisa, imechongwa kwa tupa na kufungwa na waya wa boma. Chuma kimepakwa rangi juu ya kutu. Neno la Japani nikalitafuta kwa macho, nikalitafuta kwa vidole. Halikuwepo.

Kama Muli alijua au naye aliuziwa vile, mpaka leo sijui, kwa sababu nthoni hiyo hiyo inanizuia kumuuliza.

Nikashona kwa mkono, na vidole vyangu mnavijua vilivyokakamaa. Uzi wa zambarau uliobaki ukaishia kwenye mkono mmoja wa nguo. Mkono wa pili na lile pengo la kifuani nikavishikiza kwa uzi mweupe, mishono mikubwa ya muda, nikipanga kwamba asubuhi nitatafuta uzi wa kufanana na kumalizia. Asubuhi hiyo duka la karibu lilikuwa bado halijafunguliwa na Mwende yuko mlangoni, akiniita Susu, yaani nyanya, kama wengi huku.

"Susu, gari la mochari linangoja nguo."

"Bado kidogo."

"Susu, padri atatukuta barabarani. Nipe tu, ni nzuri."

Nikampa, na shuka juu yake, nikamwambia amfunike mpaka shingoni. Lakini Mwende alimpenda mamake, na mamake alikuwa ameisifu hiyo nguo kwa kila mtu aliyekuja kumwona kitandani, kwa hiyo jeneza lilipofunguliwa Mwende akaitoa shuka mwenyewe ili watu waione. Watu wakapanga foleni. Nikawaona wakifika kichwani, wakiangalia uso wa Kalondu, halafu macho yanashuka kifuani na kusimama.

Bado ningeponea hapo, kwa sababu watu wana huruma. Lakini wakwe wakaitwa wasalimie, hata wa sisi marafiki wa marehemu, na Muli akachukua maiki. Alisema maneno mazuri ya pole, kisha akasema, "Na nguo aliyovaa mama yetu imeshonwa na mama mkwe wangu, kwa cherehani ya Japani kutoka kwangu Malili. Mwaitu, simama wakuone."

Nikasimama. Ungefanya nini?

"Mwaitu, cherehani ilikubali?"

Hema lote likanigeukia. Mbele yangu jeneza liko wazi na uzi mweupe unaonekana mpaka mahali niliposimama. Mkwe wangu anatabasamu, Mumbua ameketi nyuma yake na mtoto mapajani. Nikasema, "Ilikubali sana, mwanangu."

Ngina hakuhitaji maiki.

"Kama hiyo ndiyo Japani," akasema, "mimi nikifa nishoneeni na sindano ya gunia."

Watu wakacheka. Kwanza walioketi karibu naye, kisha wa nyuma waliouliza amesema nini. Walicheka mazishini, Kalondu akiwa pale amelala na kifua chake kimeshikizwa kama mzigo, na si yeye waliyekuwa wakimcheka, lakini ni yeye aliyekuwa amevaa. Padri akakohoa. Jeneza likafungwa, nami bado nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia niketi.

Syombua alinifuata njiani tukirudi kutoka kaburini. Akaniuliza polepole, "Susu, na mimi nikanunue kwa Muli?"

Nikamwambia, "Nenda. Lakini wewe si mkwe wake. Piga magoti kwanza."

Ile cherehani iko hapa kwangu, naitumia kuwekea thermosi. Muli akija hunisalimia kwa mbali na kuniuliza kama bado inakubali, nami humwambia inakubali. Lakini kununua kitu kingine kwa mtu ninayemwonea aibu, sitanunua tena, hata sindano.

Kama nimekosea jina la mtu au nani alisema nini, ninyi mliokuwepo nirekebisheni, mimi ni mzee. Ila msiniambie kwamba uzi haukuonekana. Mwende huniambia hivyo kila akija, na Mwende ndiye aliyesimama kichwani kwa mamake.