Vuai na Ukuta wa Nyavu

Watu wa ukoo wa Mjaka hawasemi uongo. Hutia chumvi tu, tena kwa adabu. Kwa hiyo Vuai Mjaka aliporudi Shumba kutoka bara, alikokuwa akishika mpira wa kurushia zege kwenye mahandaki ya reli mpya, hakusema kuwa yeye ni injinia. Watu walisema wenyewe, naye akanyamaza.

Ukimya huo ulimponza. Kisima kipya cha mkwewe, Bi Mwatum, kilikuwa kikimomonyoka, na fundi aliyekichimba alikataa kushuka tena. Masika yalikuwa mlangoni. Vuai akaahidi mbele ya ukweni mwote kwamba atauzuia ule udongo, bila nondo hata moja.

"Zege bila nondo?" aliuliza shemeji yake, Jecha. "Hilo zege au uji?"

"Handakini, shemeji, hatungoji udongo uanguke. Tukishachimba tu, tunaurushia zege lenye nyuzi fupi. Ufa ukitaka kufunguka, nyuzi zinaushika."

"Na nyuzi zenyewe ziko wapi?"

Nyuzi za chuma zilibaki bara, na mashine ya kurushia pia. Vuai akateremka pwani kuomba nyavu chakavu za nailoni, akamkabidhi mkewe Moza mkasi azikate vipande vya urefu wa kidole. Akazichanganya na saruji na mchanga, akateremshwa kisimani kwa kamba, akaanza kurusha kwa mwiko. Nusu ilinata ukutani, nusu ilimrudia usoni. Alipopandishwa, Moza alimtambua kwa sauti.

Tabaka juu ya tabaka, ukuta ukafika kwenye maji. Ila kwa haraka zake, Vuai hakuziosha zile nyavu. Paka wa Shumba wakahamia kisimani, wakakaa duara kama wageni wa hitima wanaongoja sinia.

"Injinia," Jecha akamwita, "umejenga kisima au umebandika mchuzi?"

Mvua ikapiga wiki nzima. Kila ikizidi, Vuai alikwenda kuchungulia, hata usiku wa manane. Ilipokatika, ukuta haukuwa na ufa hata mmoja, wala udongo haukudondoka.

Bi Mwatum akateka ndoo, akanusa, akaonja funda moja mbele ya wanawe.

"Ukuta mzuri, mwanangu, Mungu akuweke. Maji ya kufulia tumepata. Ya kunywa tutangoja nyavu zisahau samaki."

Vuai alicheka kuliko wote, kisha akaenda kulala. Alikuwa na deni la usingizi wa wiki nzima.